Kutoka Wete mpaka Moshi: shajara ya kilomita 42 zangu za kwanza

WIKI YA 1, mwisho wa Oktoba 2024

Basi nishajiandikisha. Marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 42 na mita 195, Moshi, Jumapili ya tarehe 23 Februari 2025, na khasa nimechagua hiyo kwa sababu Ramadhani inaingia kama wiki moja baadae, kwa hiyo mazoezi yote yatakuwa yameisha kabla ya mfungo. Mie ni mwalimu wa hesabu hapa Wete, Pemba, nina miaka 33, na mbio ndefu kabisa nilizowahi kukimbia ni kilomita 10, mara mbili tu, zote mwaka huu. Naandika humu kila nikipata nafasi ili nijue nilifanya nini na lini.

Mpango ni siku 4 kwa wiki: tatu fupi na moja ndefu ya Jumapili. Ile ndefu inaongezeka kilomita 2 kila wiki, na kila wiki ya nne inashuka mwili upumue. Nimeuchora kwenye karatasi ya grafu nikaubandika nyuma ya mlango wa chumbani.

Jumapili ya mwanzo nimetoka baada ya kuswali Alfajiri, kiza bado hakijaondoka vizuri, nikashika barabara ya kuelekea Konde. Sijafika mbali mzee mmoja anatoka msikitini akanisimamisha, kanikamata kwa macho ya huruma kabisa, "Mwanangu, msiba wapi?" Kwa sababu kwetu mtu anayekimbia saa kumi na moja alfajiri ana khabari anaipeleka. Nikamwambia hakuna msiba babu, nafanya mazoezi. Akasema alhamdulillah, akaniombea dua pale pale barabarani, nikaendelea. Kilomita 10, saa 1 na dakika 14.

WIKI YA 3

Karafuu zimeanikwa njia nzima. Majamvi yametandikwa mpaka yanaingia kwenye lami, nami nakimbia katikati ya barabara nikisikiliza gari. Ile harufu asubuhi umande ukiwa bado upo ni tamu lakini jua likishapanda inakuwa kali, inakata koo, nikiwa nahema inanikohoza. Kwa hiyo hilo nalo ni sababu ya kumaliza mapema.

Mamaangu ameridhia lakini kwa sharti moja: nisende peke yangu kizani. Sikubishana nae, ana haki. Tumeamua mdogo wangu wa kiume, yuko fom thrii, anifuate na baskeli. Ni ile Phoenix ya marehemu baba, nzito, kifuniko cha cheni kimelegea na kila pedali ikizunguka kinagonga, tak, tak, tak. Nyuma kwenye keria amefunga galoni ya maji kwa mpira wa tairi.

Nguo: suruali pana ya kitambaa chepesi, shati la mikono mirefu linafika magotini, mtandio wa pamba nimeubana kwa pini mbili. Kwapani na ndani ya mapaja napaka mafuta ya nazi, wiki ya mwanzo sikupaka nikachubuka mpaka kuoga ikawa mateso. Raba nilinunua mtumba Darajani nilipokwenda Unguja, namba 40, soli bado nzima. Wadada mnaosoma humu, raba nunueni kubwa kidogo kuliko mguu wenu, mguu unavimba ukikimbia muda mrefu, mie nishapoteza ukucha mmoja kwa kujifunza hivyo.

WIKI YA 5, kilomita 16

Jambo kubwa nililolipata mwezi huu ni kukimbia taratibu. Kila niliposoma wanasema mbio ndefu uzikimbie kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza, na mie nilikuwa nahema kama niliyepandisha ndoo kisimani. Sasa mdogo wangu mitihani yake ya mwisho wa mwaka imekaribia na hesabu zinamtesa, akaja na fikra: awe ananiuliza maswali tukiwa njiani. Basi ndo ikawa kipimo chetu. Ananiuliza swali la kwadratiki, nami lazima nimueleze hatua zote kwa sentensi nzima nzima. Nikikatika pumzi katikati ya maelezo maana yake naenda mbio mno, napunguza. Nikiweza kumaliza mpaka jawabu, kasi ni hiyo hiyo.

Hesabu imekaa kwenye dakika 7 na nusu kwa kilomita. Mwanzo niliona ni kasi ya kutembea, lakini kilomita 16 nimezimaliza na mchana nimefua na kupika, wakati zile 14 za wiki mbili nyuma zilinilaza mpaka Magharibi. Na yeye keshajua kufakta bila ya kuangalia daftari.

WIKI YA 6, kilomita 18

Hii ndo wiki ninayotaka niieleze vizuri maana naona watu wa mwambao tunasoma mipango iliyoandikwa na watu wa nchi za baridi, wanakwambia kunywa kidogo kila ukisikia kiu, halafu wewe uko Pemba, upepo hakuna, hewa yenyewe imeloa, jasho halikauki linatiririka tu mpaka raba zinafanya chwa chwa chwa. Nikasema mie mwalimu wa hesabu, nipime.

Ami yangu ana mizani ya kusimamia anayopimia magunia ya karafuu kabla ya kuyapeleka kituoni. Nikamuomba ruhusa, akanipa ufunguo wa ghala. Kabla ya kutoka: kilo 61.4. Nimekimbia kilomita 18, saa 2 na robo, njiani nimekunywa maji nusu lita na kidogo, tuseme lita 0.6. Nikarudi nikajifuta, nikabadilisha nguo zilizorowa nikavaa kavu mfano wa zile za mwanzo, nikapanda tena: kilo 59.6. Kilo moja ya jasho ni kama lita moja. Kwa hiyo nimepoteza 1.8, ongeza 0.6 niliyokunywa, jumla lita 2.4. Gawa kwa saa 2 na robo unapata zaidi ya lita moja kwa saa!

Na uzito umeshuka karibu asilimia 3. Ndo maana kila Jumapili jioni kichwa kilikuwa kinaniuma na mie nikidhani ni jua. Nimekaa juu ya gunia pale ghalani nikaangalia zile namba kwa muda, nilihisi kama nimefunguliwa mlango.

WIKI YA 9, kilomita 22, skuli zimefungwa

Nimekosea, na naliandika kosa lote ili mwengine asilirudie.

Baada ya ile mizani nikaona jawabu ni jepesi: kinachotoka kirudishwe. Mdogo wangu akajaza galoni ya lita 5, nikawa nakunywa kila kilomita moja na nusu, nikitaka nisitake, maji matupu. Kufika kilomita 17 tumbo linacheza, nikaanza kichefuchefu. Kilomita 20 vidole vimevimba, pete yangu haizunguki, kichwa kizito, mdogo wangu ananiuliza swali nikamjibu jawabu la swali jengine. Kanikazia macho akasema dada tusimame. Sikusimama, nikamaliza, nikatapika nje ya ghala.

Mizani: nilitoka na kilo 61.2, nimerudi na 61.9. Nimekimbia karibu saa 3 na nimeongezeka uzito! Nilikunywa karibu lita 4 na jasho lilitoka kama lita 3 na kitu, yaani nilijijaza maji kupita nilichopoteza, na jasho nalo limeondoka na chumvi. Jirani yetu ni muuguzi, nilipomsimulia alikunja uso, akanieleza kwamba chumvi ya damu ikizimuliwa na maji ubongo unavimba, na watu wamekufa mbioni kwa hilo, si kwa kiu bali kwa maji. Kaniambia ukiona unaongezeka uzito usinywe tena, tulia, na ukichanganyikiwa upelekwe hospitali hapo hapo.

Nilikuwa natetemeka aliponieleza. Mdogo wangu alikuwa kasimama mlangoni anasikia. Siku tatu sikutoka kukimbia.

WIKI YA 11, kilomita 24

Mpango mpya. Nikauliza kuhusu dafu, kwa sababu kila mtu huku anakwambia kunywa dafu. Dafu zuri, napenda, lakini lina potasiamu nyingi na chumvi ya sodiamu kidogo, na jasho linatoa sodiamu khasa. Kwa hiyo dafu ni la baada ya kufika nyumbani. La njiani ni lile lile la mgonjwa wa kuharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vya kusawazisha, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mie nakamulia ndimu moja ili ipande kooni. Chumvi ni ya hapa hapa Pemba, ile ya kwenye mashamba ya pwani, mawe mawe, kwa hiyo naitwanga kwanza, mana kijiko cha chumvi ya mawe na cha chumvi laini si sawa.

Na sinywi tena kwa kujilazimisha. Nakunywa nikisikia kiu, na nimeweka mpaka: isizidi robo tatu ya lita kwa saa. Nimerudi na kilo 60.3 kutoka 61.3. Nimepungua kidogo na ndivyo inavyotakiwa. Kichwa hakiumi. Jioni nikakaa barazani na halua ya Wete na kahawa, mamaangu akaniangalia akasema leo rangi yako imerudi.

WIKI YA 12, tarehe 12 Januari, sikukuu ya Mapinduzi

Kilomita 26. Bendera kila mahali, barabara tupu. Mdogo wangu ameshaingia fom foo, hesabu kapata B. Tumekwenda mpaka ndani ya msitu wa Ngezi, gari ya mjomba ilitupeleka na baskeli juu, na tukaanzia huko. Kule miti imefunga juu, ni baridi, popo wakubwa wa Pemba wananing'inia, unasikia pumzi yako na ile tak tak ya baskeli basi. Natamani mbio zote ziwe pale.

WIKI YA 13 na 14

28 halafu 20. Goti la kushoto linauma kwa nje nikishuka mlima. Nimepumzika siku mbili, nimefanya mazoezi ya nyonga kwenye jamvi. Sina la ziada.

WIKI YA 15, tarehe 2 Februari, kilomita 32

Wete mpaka Chake Chake kwa barabara ya zamani! Ile njia ni kama kilomita 30 na haina hata sehemu moja iliyonyooka, ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, wenye magari wanaijua. Kisiwa chetu sehemu ya juu kabisa haifiki hata mita 150 kutoka baharini lakini vilima havihesabiki. Nilifanya khasa hivyo kwa sababu Moshi ina mlima mmoja mrefu na sie hatuna, basi nikasema vidogo vingi vitasaidia.

Tulitoka saa kumi na moja na robo. Kila kilima cha nne nilitembea, nilipanga hivyo. Kilomita ya 25 bibi mmoja alikuwa anapanga mihogo ya kuuza, akamuita mdogo wangu, "We kijana, mbona umekaa juu ya baskeli na mwenzio anakwenda kwa miguu?" Akashuka! Akaisukuma baskeli kama kilomita nzima kwa kutii, jasho linamtoka, mpaka tulipopotea machoni mwa bibi.

Kutoka kilomita 28 hivi miguu ikawa si yangu. Sio maumivu, ni uzito, kila hatua lazima uiombe. Wanasema ndo ukuta, ile sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini imekwisha na mwili unahamia kwenye mafuta ambayo yanawaka polepole. Nilikula tende 6 njiani, naona hazikutosha, Moshi ntakula moja kila dakika 20 kuanzia mwanzo. Tumemalizia kwa kuzunguka uwanja wa Gombani mpaka apu ikasoma 32. Saa 4 na dakika 9. Nikakaa chini kwenye majani nikalia kidogo, sijui kwa nini, na mdogo wangu akanifungulia dafu hakusema kitu.

Tukarudi Wete na gari ya abiria, baskeli juu.

WIKI YA 16 na 17

Kupunguza. 20, halafu 12. Kila mtu alinionya kwamba wiki hizi akili inasumbua na ni kweli, nasikia maumivu kila pahala, nalala nakimbia ndotoni.

Jambo linaloniuma ni kwamba mdogo wangu hendi. Nauli ya watu wawili hatuna, na skuli zimefunguliwa. Jana usiku kanitwangia chumvi akaichanganya na sukari, akapima kwa kijiko, akaigawa kwenye vifuko vidogo vya plastiki 8, kila kimoja cha nusu lita, akavifunga fundo. Amevihesabu mara mbili.

SAFARI

Meli kutoka Mkoani, Dar, halafu basi siku nzima. Nimekunywa maji kwa wastani, nimevaa soksi ndefu, kila basi likisimama nashuka natembea. Moshi asubuhi ya Jumamosi mawingu yalifunguka na nikauona Mlima kwa macho yangu, mita 5,895, theluji juu. Nilisimama katikati ya njia mpaka bodaboda akanipigia honi. Subhanallah.

Mji wenyewe upo zaidi ya mita 700 juu ya bahari, pumzi niliisikia tofauti kidogo kwenye ngazi za gesti. Nikamkumbuka mzee wetu John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania kwenye marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu, misuli ikamkaza, akaanguka, goti likaumia, na akamaliza kwa saa 3 na dakika 25, wa mwisho, mshindi alishapita zaidi ya saa moja nyuma. Wanafunzi wangu nimewahi kuwapa hesabu ya kasi yake. Usiku ule niliifanya tena peke yangu kitandani ili nilale: chini ya dakika 5 kwa kilomita, na goti lile.

TAREHE 23 FEBRUARI 2025

Tumeanzia kwenye uwanja wa Chuo cha Ushirika, mapema, baridi ambayo Pemba hatuijui. Vifuko 8 nimevifunga kwenye ncha ya mtandio, tende mfukoni. Watu wengi mno na wote wakatoka kama wanakimbizwa, nami nikabaki nyuma kwa makusudi. Nusu ya mwanzo ni barabara ya kuelekea Dar, unakwenda unarudi, tambarare. Kila kituo cha maji nachukua chupa, natia kifuko, natikisa, nakunywa nikitembea hatua thalathini, naendelea. Nusu nimepita kwa saa 2 na dakika 33. Nilikuwa mzima kabisa.

Halafu Mweka. Kutoka mjini unapanda, na unapanda, hakuna kushuka, kahawa na migomba pande zote, watoto wanapiga makofi wanakwambia pole dada, pole, twende. Kilomita ya 27 kasi ikanipotea. Kwetu nikipunguza nasikia ile tak inakawia nyuma yangu najua nimelegea, hapa kimya, viatu vya watu tu. Nikafanya kilichobaki: nikaanza kusomesha. Kwa sauti. X ni sawa na hasi b, jumlisha au toa, kipeuo cha pili cha b mraba toa nne ac, vyote kwa mbili a, na kwa nini iko hivyo, tunaanza na kukamilisha mraba. Nikiweza kumaliza hatua nakimbia, nikikatika natembea mpaka pumzi irudi halafu naanza pale nilipoachia. Baba mmoja mtu mzima tuliyekuwa tunaongozana akaniuliza, "Mwalimu?" Nikamwambia ndio. Akasema endelea, nasikiliza. Tumepanda hivyo karibu mpaka kwenye kigeuzio, huko kama kilomita 32, nami nikiwa kwenye mfano wa pili.

Kushuka ndo kuliniumiza. Vilima vya kwetu ni vifupi, mapaja hayajazoea kushuka kilomita nyingi mfululizo, kila hatua kama nakanyaga msumari juu ya goti. Kilomita ya 37 mguu wa kulia ulikaza, nikasimama nikaunyoosha kwenye ukingo wa daraja, nikatia kifuko cha mwisho. Baadae sikumbuki sana. Nakumbuka geti la uwanja na kwamba nyasi zilikuwa laini.

Saa 5, dakika 17. Vidole havikuvimba, pete inazunguka.

Nilimpigia simu mdogo wangu pale pale nimekaa chini. Kitu cha mwanzo aliuliza: "Vifuko vilitosha?" Nikamwambia vilitosha vyote vinane. Akanyamaza kidogo, kisha nikasikia anampa simu mama, na mama alikuwa anapiga kigelegele kabla hata hajaiweka sikioni.

WIKI MOJA BAADAE

Ramadhani ishaingia. Ukucha mwengine umetoka, ngazi nashuka kinyumenyume, goti linaendelea vizuri. Medali mamaangu ameitundika pale kwenye karatasi ya grafu.

Jumapili baada ya daku na Alfajiri nilimsikia mdogo wangu anaitoa baskeli uwanjani. Nikamwambia leo hatukimbii, nimefunga na miguu bado. Akasema anajua. Tukatoka tunatembea, baskeli anaisukuma, keria tupu, kifuniko kinagonga polepole, tak, halafu kimya, halafu tak. Tulipofika kwenye mteremko akatoa daftari, akaniuliza logi za besi mbili, nikamueleza mpaka mwisho bila ya kukatika pumzi.